Tuwe na lengo letu wenyewe: furaha ya mtu na amani ya kijiji

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, wazazi na wakuu wa mitaa, mjini Baraka, wilaya ya Fizi, Kivu ya Kusini



Mlituomba tuzungumze juu ya furaha. Wengine walicheka neno hilo lilipotajwa, na tunaelewa sababu. Katika wilaya yetu watu wamekimbia mara nyingi. Wapo kati yetu waliovuka ziwa Tanganyika mwaka 1996, wakaishi Lugufu au Nyarugusu kule Tanzania, wakaanza kurudishwa kwa meli mwaka 2005, na tangu warudi wamekimbia tena. Mwaka 2025 vita vilifika Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, na watu kwa maelfu wakavuka kwenda Burundi. Mtu aliyepita katika hayo ukimwuliza, “Lengo lako la maisha ni nini?” atakujibu, “Ni kuamka kesho.”

Jibu hilo si la kuchekwa. Lakini mtu akisha kuamka, siku nzima iko mbele yake, na lazima aiendeshe au iendeshwe na wengine. Hilo ndilo tunalotaka kutafakari pamoja nanyi.

Lengo si tamaa

Tukiuliza vijana wanataka nini, wengi husema, “Nataka maisha mazuri,” au “Nataka kuwa mtu mkubwa.” Hizo ni tamaa, na tamaa si dhambi. Ila tamaa haikuambii ufanye nini Jumatatu asubuhi. Lengo lina mambo matatu: kitu kinachoonekana, kipimo, na muda. “Nataka kushona” ni tamaa. “Kabla ya mvua za mwezi wa tisa nitakuwa nimejua kukata na kushona shati la shule, na nitakuwa nimeweka akiba nusu ya bei ya cherehani” ni lengo.

Mwalimu mmoja wa Marekani, Edwin Locke, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1968, na baadaye yeye na mwenzake Gary Latham walitoa kitabu kikubwa mwaka 1990. Walichokiona ni hiki: mtu anayeambiwa “fanya uwezavyo” hufanya kidogo kuliko mtu mwenye kipimo kinachojulikana na kigumu kiasi, mradi amekikubali mwenyewe na anaona jinsi anavyoendelea. Mama zetu walijua hayo bila kitabu. Hakuna mama anayekwenda shambani kulima “kiasi”. Anapima kwa macho kutoka mti huu hadi jiwe lile, anasema hiki ndicho kipande cha leo. Jua likizama anageuka, anatazama alipolima, na anarudi nyumbani amechoka lakini moyo wake umetulia. Utulivu huo ndio sehemu kubwa ya furaha tunayoizungumzia. Hautusubiri mwisho wa safari; unapatikana kila tunapoona hatua imepigwa.

Lengo hilo ni la nani?

Kijana asiye na lengo lake atapewa la mwingine. Hapa ndipo neno hili linapogusa amani. Anayeandikisha watu porini haji mikono mitupu. Anakuja na adui aliyekwisha kuchaguliwa, na silaha, na chakula cha leo, na jina jipya la kukuita. Kwa kijana aliyekaa barazani tangu asubuhi, hayo yanafanana sana na maisha. Tumewasikiliza vijana waliotoka porini, na wengi hawakutuambia kwamba walikuwa na chuki. Walisema kwamba siku ile walipoondoka, hapakuwa na kitu nyumbani ambacho kingeharibika kwa sababu hawapo.

Serikali iliunda programu ya PDDRC-S mwaka 2021 kwa ajili ya kupokonya silaha na kurudisha wapiganaji katika maisha ya raia. Kazi hiyo ni ya lazima. Lakini sisi tunaofanya kazi vijijini tumeona kwamba chombo cha useremala akipewa mtu ambaye hakuchagua useremala huuzwa haraka sana sokoni. Lengo haligawiwi kama sabuni. Mwenyewe lazima alitoe ndani yake, na sisi tumsaidie kulisema.

Kuna na lengo lingine ambalo huja lenyewe, usiku, bila kuitwa: kulipiza kisasi. Hilo nalo lina kitu, lina kipimo, lina muda. Linampa mtu nguvu ya kuamka. Tusidanganyane kwamba halina nguvu. Ila likitimizwa halimwachii mtu shamba, wala ufundi, wala rafiki; linamwachia mtoto wa jirani mwenye lengo kama hilo hilo. Hatuwezi kumwambia mwenye uchungu “acha kisasi” kisha tukamwacha na shimo tupu. Tumsaidie apate kitu kingine cha kuamkia.

Tuulize “kwa nini” mara tatu

Vijana wengi wanatuambia wanataka pikipiki. Vizuri. Tunauliza: kwa nini? “Nipate makuta.” Makuta ya nini? “Nilipe shule ya mdogo wangu.” Na kwa nini mdogo wako asome? “Baba alikufa, na mimi niliahidi.” Basi hapo tumefika. Lengo la kijana huyo ni kutimiza ahadi yake kwa mdogo wake. Pikipiki ni njia. Pikipiki yaweza kuibiwa barabarani, lakini ahadi haiibiwi, na njia nyingine zipo: mihogo, mawese, ndagala, kazi ya ujenzi. Anayefikiri kwamba lengo lake ni pikipiki, siku inapoibiwa anaona maisha yamekwisha.

Wachunguzi wawili, Tim Kasser na Richard Ryan, waliandika mwaka 1993 kwamba watu wanaotanguliza fedha kuliko mambo mengine yote katika malengo yao huelekea kuwa na utulivu mdogo wa moyo kuliko wale wanaotanguliza uhusiano mzuri na wenzao, kukua katika utu wao, na faida ya jamii. Tusielewe vibaya. Hatusemi fedha ni mbaya mbele ya mama asiyejua watoto watakula nini jioni. Tunasema fedha ni jembe, na jembe linatakiwa kuwa na shamba lake.

“Na vita vikija je?”

Hili ndilo swali tunaloulizwa kila mahali, na ni swali la haki. Kuna faida gani kupanga mwaka mzima kama kesho tutabeba magodoro?

Tumtazame mtu wa jimbo letu. Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji. Akiwa mtoto alifuatana na baba yake kuwaombea wagonjwa, akaona kwamba baba anaomba lakini hana dawa, na akataka kuwa mtu wa kutoa dawa. Alisoma udaktari Burundi, akafanya kazi katika hospitali ya Lemera, wilaya ya Uvira. Pale aliona wanawake wakifa katika uzazi. Akaenda Ufaransa, mjini Angers, kusomea magonjwa ya wanawake, kisha akarudi Lemera. Mwezi wa kumi mwaka 1996 hospitali hiyo ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Miaka yote ya kazi ikawa kama imefutwa. Lakini mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu, akikusudia mama wapate mahali pa kuzalia salama. Wagonjwa waliokuja wakawa wanawake waliobakwa katika vita, na yeye akajifunza kuwatibu hao. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Hatusemi kila mmoja wetu atapata Nobel. Tunaangalia jinsi lengo lake lilivyojengwa. Nyumba ilivunjwa, mahali pakabadilika, hata ugonjwa wa kutibu ukabadilika. Kilichobaki ni kile kilichokuwa kichwani, mikononi na moyoni: ujuzi, na shabaha ya kusaidia mama wasife.

Kwa hiyo sisi tunashauri kila mtu awe na malengo ya aina mbili. Moja liwe la ardhini: shamba, nyumba, mbuzi, duka. La pili liwe la kubebwa kichwani: kusoma na kuandika, ufundi, hesabu, lugha, diploma. Tukikimbia, la kwanza linasimama, la pili linatembea nasi. Waliojifunza kushona katika makambi ya Tanzania walirudi na kazi yao bila kulipia mzigo melini.

Tena tuandae maneno ya “ikiwa”. Mwalimu wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, alieleza mwaka 1999 kwamba mtu aliyeamua mapema, “Ikiwa jambo hili litatokea, nitafanya hivi,” hutimiza zaidi kuliko yule mwenye nia njema tu. Ikiwa soko litafungwa, nitauza mawese mlangoni. Ikiwa mtoto atafukuzwa shule kwa ajili ya malipo, nitakwenda kuonana na mwalimu mkuu siku hiyo hiyo. Ikiwa tutakimbia, daftari, kadi na diploma ziko katika mfuko huu.

Malengo mengi, sanduku moja

Wengi hapa mnajua likelemba, na wengi mko katika vikundi vya AVEC. Njia hii ilianza Niger mwaka 1991, kwa wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE, na leo iko katika nchi nyingi za Afrika. Wanachama hununua hisa, kutoka moja hadi tano kwa kila mkutano. Wanakopeshana, wana mfuko wa kusaidiana katika ugonjwa na msiba, na baada ya karibu mwaka mmoja wanagawana.

Tunapenda hasa kufuli zake tatu. Sanduku liko kwa mtu mmoja, funguo ziko kwa wengine watatu, na hakuna anayeweza kufungua peke yake. Pale ambapo wenye funguo ni Mbembe, Mnyamulenge na Mfuliiru, kila mkutano ni mkutano wa amani, hata kama hakuna aliyetaja neno hilo. Lengo langu la cherehani linategemea wewe ulipe mkopo wako. Wewe utalipa kama ng’ombe wako hawakuibiwa na njia yako ya soko ni salama. Basi usalama wako umeingia katika hesabu yangu. Watu wanaofahamiana malengo yao ni vigumu zaidi kuwasemea uongo mmoja kwa mwingine.

Kwa sababu hiyo tunaomba kila kikundi, siku ya kwanza ya mwaka wake, kila mwanachama asimame na kusema mbele ya wote: fedha zangu zitafanya kazi gani.

Mambo mawili ya kuangalia

La kwanza: tusimwambie maskini kwamba taabu yake imetoka kwa kukosa lengo. Barabara, shule, mishahara ya walimu na ulinzi wa raia ni wajibu wa serikali, na kuudai wajibu huo kwa amani kunaweza kuwa lengo zuri la kijiji kizima.

La pili: yupo mtu ambaye mwaka huu lengo lake ni kulala usiku bila kuota yale aliyoyaona. Tusimharakishe. Tumkaribishe akae nasi, na ikiwezekana tumfikishe kwa wenye ujuzi wa kusikiliza. Kwake yeye, kufika mtoni na kurudi ni hatua ya kuandikwa.

Zoezi la kufanya nyumbani

Chukueni daftari, kumbukeni kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni lengo moja tu, la miezi mitatu. Andikeni kwa nini, mara tatu. Andikeni hatua ya wiki hii. Andikeni “ikiwa” mbili. Mwisho, andikeni jina la mtu mmoja mtakayemwambia, ambaye atawauliza bila kuona haya. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wake amwandikie, na mtoto ataheshimu anachokiandika. Baba na mama wa nyumba moja waandike kila mtu lake, kisha wasomeane. Mara nyingi mume hugundua kwamba mkewe ana lengo ambalo hajawahi kuulizwa.

Na kabla ya kufunga daftari, kila mtu ajiulize: lengo hili likitimia, nani ataumia? Kama jibu ni jirani yangu, nilivunje nianze upya.

Wazee wanasema haraka haraka haina baraka, na sisi tunaishi Baraka. Basi twende polepole, lakini twende. Baada ya miezi mitatu tutaulizana, si nani amekuwa tajiri, bali nani amepiga hatua na nani anahitaji mkono.