Stima Ikipotea Usiku: Nasaha kwa Wakazi wa Section 58



Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu kote nchini, na sehemu nyingi zikakaa gizani hadi kesho yake. Kwenye ghorofa, pampu ikisimama mifereji hukauka. Basi jazeni mitungi mapema. Chajini simu na taa. Friji isifunguliwe ovyo.

Lakini hatari kubwa ni jiko la makaa. Nakuru ina baridi, na mtu hushawishika kuliingiza chumbani na kufunga madirisha. Hewa yake ya sumu haina harufu. Huua watu wakiwa usingizini. Pikeni nje, zimeni makaa huko huko, ndipo mlale. Baridi dawa yake ni blanketi.