Kengele ya Shule na Mbwamwitu

Mwaka 1957 kampuni ndogo ya Marekani, American International Pictures, ilitoa filamu iitwayo I Was a Teenage Werewolf. Ilipigwa kwa siku chache, kwa bajeti ya kubana. Filamu za kutisha za aina hiyo zingali na wapenzi hadi leo, na husemwa kwamba wanachofuata ni kucheka kinyago kibovu. Sikubaliani. Zimedumu kwa sababu zilimwamini kijana wakati wakubwa wake walipokuwa wakimwona ni tatizo la kurekebishwa.

Tony Rivers, aliyeigizwa na Michael Landon, ni mwanafunzi mwepesi wa hasira. Anashauriwa aende kwa daktari, naye hatimaye anakubali. Daktari huyo anamdunga sindano na kumtia usingizi wa kuitawala akili yake, akitaka kumrudisha binadamu kwenye unyama wake wa kale. Kijana aliyetafuta msaada anatoka akiwa mnyama. Tena hahitaji mwezi mpevu kama katika hadithi za zamani za watu wanaogeuka mbwamwitu: kengele ya shule inalia karibu na sikio lake, mchana kweupe, naye anageuka. Mwaka huohuo, kampuni hiyo ilitoa I Was a Teenage Frankenstein, ambamo profesa anaunga viungo vya vijana waliokufa, na Blood of Dracula, ambamo mwalimu wa kemia anamtumia msichana wa bweni kwa majaribio yake. Filamu tatu, na katika zote anayeleta balaa ni msomi anayeheshimiwa, yule hasa ambaye kijana huambiwa amtegemee.

Kuna atakayesema ilikuwa biashara tu. Ni kweli, ilikuwa biashara. Televisheni ilikuwa imewabakiza wazazi nyumbani, na vijana ndio waliojaza sinema za wazi, wakitazama wakiwa ndani ya magari. Lakini mfanyabiashara anayeishi kwa senti za vijana hulazimika kuyajua machungu yao. Hata ufukara ulisaidia: kumwonyesha mnyama kila dakika ni gharama, kwa hiyo muda mwingi unakwenda kwenye ugomvi, mahojiano ya polisi, na baba asiyejua aseme nini na mwanawe. Hapo ndipo hofu ilipo, na kinyago kikichakaa haipungui. Dosari zipo, na kubwa kuliko kinyago ni kwamba wasichana mara nyingi wamepewa kazi ya kupiga mayowe tu.

Tazama pia The Blob ya mwaka 1958, iliyopigwa Pennsylvania, Steve McQueen akiigiza kijana wa shule ilhali umri huo alishaupita. Vijana wanaona dubwana la ute likimeza watu. Polisi wanadhani ni mzaha wa watoto. Vijana wanalazimika kupiga honi za magari usiku ili mji uamke. Inapogundulika kwamba baridi pekee ndiyo inayolizuia, mitungi ya kuzimia moto inayotoa gesi baridi inahitajika haraka, nayo iko shuleni, na shule imefungwa. Mkuu wa shule, ambaye binti yake amenaswa na dubwana hilo mgahawani pamoja na wenzake, anaokota jiwe na kuvunja kioo cha mlango wa shule yake mwenyewe, vijana waingie.