TOCHI SI YA KUVIZIA!

Vijana wenzangu wa daladala na bodaboda, sikilizeni. Spidi inaua, hilo hatubishani. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. Lakini trafiki anayejibanza kichakani na tochi, analinda watoto wanaovuka au anavuna? Angetaka upunguze mwendo, angesimama ukamwona!

Hata Serikali iliuona mzigo. Mwaka 2021 ilishusha faini ya bodaboda kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja. Mwenye daladala akabaki na 30,000 yake. Na shangingi la kigogo? Hilo linapita linapigiwa saluti!

Sasa wewe fanya hivi. Ukisimamishwa, usitukane. Omba kuona picha: namba ni ya gari lako? Faini ya papo kwa papo ni ya aliyekubali kosa; kama unabisha, dai upelekwe mahakamani. Kama umekosa, lipa, chukua risiti. Lakini ukichomeka "ya chai" ndani ya leseni, kesho usije kwetu kulia kwamba umeonewa. Mwizi huyo umemlea mwenyewe!