Fitina Baina ya Simba na Fahali: Mafunzo ya Kisa cha Kalila na Dimna





Katika vitabu vilivyoandikwa kwa lugha ya Kiarabu, vichache vimesafiri mbali kama kitabu cha Kalila na Dimna. Kwa watoto ni kitabu cha hadithi za wanyama. Kwa wafalme wa zamani kilikuwa kitabu cha siasa. Na kwa watu walioshirikiana katika mambo yao, kama ilivyo jumuiya hii, ni kitabu cha maonyo juu ya ugonjwa unaovunja umoja upesi kuliko umaskini, nao ni fitina. Maneno ya leo yanahusu kisa kimoja tu katika kitabu hicho, nacho ndicho kikubwa: kisa cha simba na fahali.

ASILI YA KITABU

Mwanzo wake ni Bara Hindi, katika kitabu cha Kisanskriti kiitwacho Panchatantra. Katika zama za Kisra Anushirwan, aliyetawala Uajemi tangu mwaka 531 hata mwaka 579, tabibu mmoja jina lake Barzawayhi alikwenda Hindi akakileta, akakifasiri kwa Kipahlavi, lugha ya Waajemi wa wakati ule. Kisha, kiasi cha mwaka 750, Abdallah bin Al-Muqaffa, katibu mwenye asili ya Kiajemi aliyesilimu akiwa mtu mzima, akakitia katika Kiarabu fasaha, hata kikahesabiwa miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya nathari ya Kiarabu. Kutoka Kiarabu kilipita katika Kisyria, Kiyunani na Kiebrania, na mwaka 1251 kikafasiriwa kwa Kihispania.

Ibn Al-Muqaffa alifanya kazi ya uandishi kwa magavana na wakubwa, mahali ambapo neno moja la kunong'onezwa laweza kumwondoa mtu duniani. Naye mwenyewe aliuawa Basra katika ukhalifa wa Al-Mansur, hali hajatimiza, kwa kauli iliyo mashuhuri, miaka arobaini.

Wala watu wa nchi hizi zetu si wageni wa kitabu hiki. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisheni wa Kiingereza, alichapisha London hadithi za Kiswahili alizozikusanya Unguja. Mojawapo ni ya kima aliyechukuliwa baharini na papa, akajiokoa kwa kusema kwamba moyo wake ameuacha mtini. Na ndani yake imo hadithi ya punda wa dobi. Hadithi zote mbili zimo katika Kalila na Dimna, ila huko rafiki mdanganyifu ni kobe. Mabibi waliowasimulia wajukuu zao hadithi hiyo barazani walikuwa wakikisoma kitabu hiki bila kukifungua.

KISA CHENYEWE

Mfalme Dabshalim alimtaka mwenye hekima Baydaba ampigie mfano wa watu wawili wapendanao, kisha mwongo mwenye hila akaingia kati yao akawatenga. Baydaba akamsimulia habari hii.

Mfanyabiashara mmoja alikuwa safarini na gari lake likivutwa na mafahali wawili. Mmoja wao, jina lake Shatraba, akazama topeni. Alipotolewa alikuwa amedhoofika sana, akaachwa na mtu wa kumwangalia. Na yule mtu akachoka naye, akamwacha, akenda kumwambia bwana wake kwamba fahali amekufa. Lakini Shatraba hakufa. Alijikokota hata akafika penye maji na majani mabichi, akala akanenepa, akaanza kulia kwa sauti kubwa.

Karibu ya mahali hapo palikuwa na simba, mfalme wa wanyama wa pande zile, ambaye hajapata kumwona fahali wala kusikia mlio wake. Aliposikia ule mngurumo hofu ikamwingia, naye hakupenda raia zake waijue hofu yake. Basi akakaa mahali pake asiende kuwinda. Katika watu wa baraza lake walikuwamo mbweha wawili, Kalila na Dimna. Wote wawili walikuwa na akili, lakini Dimna alitamani cheo, naye Kalila aliridhika na hali yake.

Dimna akaipeleleza hofu ya simba, akajipatia nafasi mbele yake. Akaenda kwa fahali, akamleta barazani kwa amani ya mfalme. Simba akaona kwamba mgeni wake ni mwenye akili na adabu, akampenda, akamfanya mshauri wake wa siri kuliko wote. Hapo husuda ikamshika Dimna, maana mtu aliyemleta yeye mwenyewe sasa amempita.

Akakaa siku nyingi asionekane, kisha akaingia kwa simba mwenye uso wa huzuni, akamwambia kwamba Shatraba anafanya shauri la kumwondoa katika ufalme. Akamwonyesha na dalili: akija utamwona rangi imembadilika, viungo vinatetemeka, anageuka kulia na kushoto, na pembe amezielekeza mbele. Kisha akaenda kwa fahali, akamwambia kwamba simba ameazimu kumla. Utamwona ameketi wima, kifua amekiinua, macho amekukazia, masikio ameyasimamisha na kinywa kiko wazi. Wakakutana. Kila mmoja akaona kwa mwenzake zile dalili alizoambiwa. Wakapigana, na fahali akauawa.

MAANA YA WANYAMA HAWA

Wengi wakisikia kisa hiki husema: fahali wawili hawakai zizi moja. Lakini mithali hiyo hapa si mahali pake. Simba na Shatraba walikaa pamoja vizuri, na kila mmoja alimfaa mwenzake. Simba hakupungukiwa na ufalme, wala fahali hakuutaka. Sharti sababu ya vita itafutwe penginepo.

Simba ni mfano wa mwenye mamlaka. Kosa lake la kwanza halikuwa kumwua fahali. Lilikuwa kuificha hofu yake. Mkubwa aonaye haya kusema kwamba jambo fulani limemshughulisha humpa nguvu mtu wa kwanza atakayeigundua siri hiyo. Dimna hakupanda cheo kwa utumishi. Alipanda kwa kuujua udhaifu wa bwana wake.

Fahali ni mfano wa mgeni aliyeingia katika jamaa kwa amani, akatumika kwa moyo safi. Nguvu zake ni nyingi, bali hana watu. Mtu wa namna hiyo hupendwa upesi na hushukiwa upesi, kwa kuwa hakuna aliyekua naye wa kusema: huyu namjua tangu utoto.

Dimna ni akili isiyokuwa na hofu ya Mungu. Mtungaji hakumfanya mjinga. Alimpa ufasaha kuliko wote, ili msomaji ajue kwamba ulimi mtamu si hoja ya ukweli.

Na Kalila? Huyu ndiye anayewahusu watu wema zaidi. Kalila aliijua hila yote tangu mwanzo. Alimwonya ndugu yake kwa mifano mizuri, akamlaumu, akamtahadharisha na mwisho wake. Lakini maonyo yale aliyasema nyumbani kwao tu. Hakwenda kwa simba, wala hakwenda kwa fahali. Nasaha yake ilikuwa ya kweli, ila haikumwokoa mtu.

MLANGO ULIOFUNGWA

Katika kisa hiki pana dakika moja ambayo jambo lote lingeweza kugeuka, nayo hupitwa na wasomaji wengi. Simba aliposikia maneno ya Dimna hakuyakubali mara moja. Alisema kwamba atamtumia Shatraba mjumbe amweleze yaliyosemwa, kisha amwache aende atakako. Dimna akaogopa. Alijua kwamba simba akisema na fahali na kusikia jawabu lake, uongo utadhihirika siku ile ile. Akafanya haraka kumgeuza mfalme, akamwambia kwamba si busara kumfunulia adui ya moyoni. Simba akatii.

Fahali naye aliufikia ukweli kwa akili yake. Aliposikia kwamba anatafutwa auawe alisema kwamba hajui kosa alilomfanyia simba, na labda wabaya wamemsingizia. Akatoa mfano wa bata aliyeona mwanga wa nyota majini akadhani ni samaki, akataabika kuukamata. Kesho yake akaona samaki wa kweli, akadhani ni mwanga kama wa jana, akamwacha. Basi alikwisha kuijua fitina kwa jina lake. Hata hivyo hakwenda kuuliza. Alikwenda hali amejiweka tayari kwa vita, na huko kujiweka tayari ndiko kulikomwua.

Tazameni sasa zile dalili. Fahali alitetemeka kwa sababu aliambiwa atauawa. Simba alikaza macho kwa sababu aliambiwa atashambuliwa. Hakuna aliyeigiza, na kila mmoja aliona kweli kwa macho yake. Ila alichokiona kilizaliwa na maneno ya Dimna. Uongo wa mfitini una hila hii, kwamba humfanya msemwa atende jambo litakalomsadikisha msikilizaji.

Jambo hili latokea kila siku mahali pasipo na simba wala fahali. Mweka hazina wa chama huambiwa faraghani kwamba katibu anamtuhumu juu ya fedha za madrasa. Akiona uchungu, daftari aliyokuwa akiiacha wazi mezani huifungia kabatini. Katibu naye amekwisha kuambiwa: ukiona daftari inafichwa, ujue kuna jambo. Asubuhi yake anaikosa daftari mezani. Fedha hazikupungua hata senti moja, lakini tangu siku ile watu wawili hawasalimiani, na kila mmoja ana ushahidi.

HUKUMU YA DIMNA

Katika kitabu cha Kihindi Dimna haadhibiwi. Huishi na cheo chake. Katika kitabu cha Kiarabu uko mlango mwingine baada ya kisa hiki, mlango wa kuchunguzwa kwa mambo ya Dimna, na wataalamu wengi wanaona kwamba Ibn Al-Muqaffa ndiye aliyeuongeza. Hakuridhika kwamba mfitini apate faida ya fitina yake.

Simba alijuta. Usiku mmoja chui alipita karibu na nyumba ya wale mbweha, akamsikia Kalila akimlaumu Dimna kwa aliyoyatenda. Chui akaenda kwa mama yake simba akamweleza, lakini akamchukulia ahadi asimtaje. Dimna akafungwa, akaletwa mbele ya kadhi na baraza zima, naye akajitetea kwa ufasaha siku baada ya siku. Mkuu wa nguruwe akasimama akadai kwamba maumbile ya uso wa Dimna yaonyesha ubaya wake. Dimna akamfedhehesha mbele ya watu, akauliza ni hukumu gani hii ya kumpima mtu kwa sura. Na hapo, ajabu, mwongo alisema kweli. Simba alikuwa amemwua rafiki yake kwa dalili za mwilini. Kadhi hakukubali kumwua hata Dimna kwa dalili za namna hiyo.

Wakati huo Kalila alikwisha kufa kwa majonzi na hofu. Mwishowe mama wa simba akamshikilia chui atoe ushahidi waziwazi, naye akautoa. Ndipo duma, aliyekuwa kifungoni mahali pamoja na Dimna, akatuma habari kwamba yeye pia aliyasikia maneno ya mbweha wale gerezani. Wakaulizwa wote wawili kwa nini walinyamaza muda wote ule. Wakajibu kwamba ushahidi wa mmoja haukati hukumu, na kila mmoja alidhani yuko peke yake. Walipopatikana wawili, Dimna akahukumiwa akauawa.

Lakini Shatraba hakurudi.

YANAYOPASA KUSHIKWA

Sura ya Al-Hujurat, katika aya yake ya sita, inawaamrisha waumini kuipambanua habari inapoletwa na mtu fasiki, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Majuto ya simba ndiyo majuto yaliyotahadharishwa hapo. Kwa hiyo mambo matatu yanaipasa kila jamaa inayotaka kudumu.

Kwanza, neno baya juu ya mwenzako lifike kwake kwa ulimi wako kabla halijakaa moyoni mwako. Mtu akikuomba usimwulize, sababu ya ombi lake ichunguzwe kwanza, maana Dimna naye aliomba hivyo.

Pili, baina ya mkubwa na mkubwa pasiwe na mjumbe mmoja tu. Simba na fahali walikuwa wakionana kila siku, lakini lilipokuja jambo zito kila mmoja alitegemea kinywa kimoja. Imamu na kamati, wazee na vijana, mwenyekiti na wanachama wake, wawe na siku ya kuketi pamoja na kusemezana, hata ikiwa siku hiyo hakuna shida.

Tatu, ajuaye asinyamaze. Kalila alisema chumbani, chui alisema kwa masharti, duma alisubiri mwenziwe. Wote walikuwa wakweli, na ukweli wao ulifika baada ya maziko. Msikiti hujengwa kwa michango ya miaka mingi, na madrasa huinuliwa na wazee ambao wengine wamekwisha tangulia mbele ya haki. Neno la jioni moja lisiachwe liyabomoe yaliyojengwa na watu hao.

Mwenyezi Mungu azipatanishe nyoyo za Waislamu, awaepushe na husuda na fitina, na awape ujasiri wa kuulizana.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.