Umeme wa Usiku Kwenye Paji la Uso: Watoto Wenye ADHD na Tiba ya Kuchochea Ubongo

Mtoto akishapanda kitandani, mzazi humbandika kwenye paji la uso kiraka chembamba chenye elektrodi. Waya hushuka hadi kwenye kijimashine chenye ukubwa wa simu ya mkononi, kilichobanwa kwenye nguo za kulalia. Anapolala, umeme hafifu husisimua matawi ya neva ya trijemini, ile inayopeleka hisia za uso kwenye shina la ubongo, na kutoka huko ishara husambaa hadi kwenye sehemu zinazohusika na umakini. Asubuhi kiraka hubanduliwa, mtoto akaenda shule. Hakuna kidonge, hakuna kisu.

Aprili 2019, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kijimashine hicho, kiitwacho Monarch, cha kampuni ya NeuroSigma. Kingetolewa kwa cheti cha daktari kwa watoto wa miaka 7 hadi 12 wenye ADHD, yaani upungufu wa umakini pamoja na utukutu uliopita kiasi, ambao hawatumii dawa za tatizo hilo. Ilikuwa mara ya kwanza FDA kuruhusu tiba isiyo dawa kwa ADHD. Si ajabu wazazi walifurahi. Dawa kama methilifenideti husaidia wengi, lakini huweza kumkatisha mtoto hamu ya kula na kumharibia usingizi, na kuna wazazi ambao hawataki kabisa kusikia habari ya kidonge cha kila siku kwa mtoto wa darasa la pili.

Idhini hiyo ilisimama juu ya ushahidi gani? Juu ya jaribio moja la watoto 62, lililofanyika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwa wiki 4. Nusu hivi walipata umeme wa kweli. Wengine walivaa kifaa kile kile ila hakikutoa umeme. Dalili zilipimwa kwa dodoso linalotoa alama: kadiri alama zinavyopanda, ndivyo hali ilivyo ngumu. Waliopata umeme walishuka kutoka wastani wa alama 34.1 hadi 23.4. Hapo ndipo vichwa vya habari vingi viliishia.

Lakini macho yatulie kwenye kundi la pili. Watoto ambao hawakupata umeme hata chembe nao walishuka, kutoka 33.7 hadi 27.5. Ni alama zaidi ya 6, wakati wenzao walishuka kwa zaidi kidogo ya 10. Kwa hesabu ya kawaida, zaidi ya nusu ya nafuu iliyoonekana ilipatikana pia bila umeme. Ilitoka wapi? Huenda ni matumaini ya wazazi, maana wao ndio wanaosimulia hali ya mtoto. Huenda ni ule utaratibu wa kumlaza mtoto kwa wakati na kukaa naye kila usiku. Huenda ni kupanda na kushuka kwa dalili zenyewe, kwa kuwa familia huomba msaada hali inapokuwa mbaya zaidi.

Tofauti iliyobaki kati ya makundi haya mawili, alama 4 na nusu, ndiyo iliyobeba idhini yote. Nayo ilikuwa na udhaifu: kifaa kisichotoa umeme hakimchonyoti mtu. Mtoto anayehisi mchonyoto na yule asiyehisi kitu wanaweza kukisia wako kundi gani, na mzazi akakisia pamoja nao.

Watafiti wa Uingereza wakalirudia jaribio hilo kwa uangalifu zaidi. Timu iliyoongozwa na Profesa Katya Rubia wa King's College London iliwashirikisha watoto na vijana 150 wa miaka 8 hadi 18, London na Southampton, kwa wiki 4. Safari hii kundi linganishi nalo lilipewa umeme, ila kidogo mno kuweza kutibu, ili kila mmoja ahisi kitu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2026: hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi. Kifaa hakikuleta madhara makubwa, ila dalili hazikupungua zaidi kuliko kwa kile cha bandia.

Mbinu nyingine hazina habari njema zaidi. Ile ya kupitisha mkondo hafifu wa umeme kichwani kwa dakika chache ilijaribiwa London kwa wavulana 50, vipindi 15, sambamba na michezo ya kompyuta ya kuzoeza umakini. Haikuwasaidia zaidi ya umeme wa bandia. Hata hivyo vifaa vya namna hiyo huuzwa mtandaoni kama saa za mkononi, na fuvu la mtoto ni jembamba kuliko la mtu mzima, hivyo umeme hupenya kwa urahisi zaidi. Ile ya kuchochea ubongo kwa sumaku, aliyoionyesha mtafiti Anthony Barker mjini Sheffield mwaka 1985, iliruhusiwa na FDA mwaka 2008 kwa sonona ya watu wazima. Kwa ADHD ya watoto bado haijaruhusiwa. Tena humtaka mgonjwa atulie kitini huku mashine ikigonga karibu na sikio, sharti gumu kwa mtoto asiyeweza kumaliza sahani ya wali bila kuinuka mara tatu.

Kwa mzazi au mwalimu atakayeletewa kifaa cha aina hii, swali la kwanza si idadi ya watoto waliopata nafuu. Aulize kundi linganishi lilivaa nini, lilihisi nini, na lenyewe lilipata nafuu kiasi gani. Wakati majibu yanasubiriwa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na mabingwa unapendekeza kuwafunza wazazi stadi za malezi, na dawa ziachiwe mtaalamu. Darasani, mwalimu anaweza kumketisha mtoto mbele, mbali na dirisha, akampa agizo moja kwa wakati mmoja, na kumtuma ubaoni au kugawa madaftari kila anapoanza kuhangaika.