Moshi wa Jirani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Tinde)



Tulipoombwa kusema neno jioni hii, hapana shaka wengi walidhani tutasema habari za mishahara au za pensheni, kwani hayo ndiyo mambo yaletayo watu mkutanoni hata viti vikapungua. Sisi tumechagua jambo dogo zaidi. Walakini ni jambo liingialo katika kila chumba cha mpangaji hapa Tinde mara jua linapotua, nalo ni moshi wa kufukuzia mbu. Twalisema mbele yenu kwa sababu sisi wenyewe tulilikosea, na kosa letu nusura limwue mtoto wa mtu.

Nyumba zetu mwazijua. Wengi wetu tukihamishiwa hapa twapanga chumba kimoja au viwili katika nyumba yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na nyuma kuna ua wenye jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Paa ni la bati. Kuta za kati hupita urefu wa mlango kidogo tu, wala hazifiki kwenye bati, na dari hakuna. Basi kwa macho nyumba ina vyumba sita, lakini kwa sauti, harufu na moshi ina chumba kimoja. Karani akikohoa chumba cha kwanza, huambiwa pole kutoka chumba cha sita.

Tena Tinde ni njia panda. Barabara itokayo Nzega hugawanyika hapa, moja ikaenda Shinyanga na Mwanza, na moja ikaenda Isaka na Kahama hata mpaka wa Rwanda. Kwa hiyo wapangaji wa nyumba moja hutoka pande zote, na kila mtu amekuja na moshi wake. Msukuma aliyelelewa na ng'ombe aujua moshi wa mavi makavu ya ng'ombe, uwashwao jioni karibu na zizi, hata wanaume waketio shikome wakizungumza hupata nafuu pamoja na mifugo yao. Wengine huchoma majani ya kivumbasi, wengine mwarobaini, wengine maganda ya machungwa. Moshi wa shikome ulikuwa nje, chini ya mbingu, wala hatukusikia kwamba mtu alimshitaki jirani yake kwa ajili yake. Ulipoingizwa chini ya bati ndipo ugomvi ulipoanza.

Siku hizi walio wengi hununua dawa ya mbu ya kuchoma, ile iliyozungushwa kama nyoka aliyelala. Dawa hii asili yake ni Japani. Bwana mmoja aitwaye Ueyama Eiichiro alianza mwaka 1890 kutengeneza vijiti vya ubani vilivyotiwa unga wa maua ya pareto, maua yale yale yanayolimwa Kenya na katika nyanda zetu za juu za kusini. Lakini kijiti kiliwaka kwa muda wa dakika 40 tu, kisha mbu wakarudi. Husimuliwa ya kwamba mkewe, Bibi Yuki, ndiye aliyemshauri mwaka 1895 akizungushe, ili kiwe kirefu bila kuhitaji nafasi kubwa. Na dawa ya mviringo ikaanza kuuzwa mwaka 1902. (Tungependa mabwana wasio na desturi ya kusikiliza mashauri ya wake zao waiangalie habari hiyo.) Siku hizi badala ya pareto hutiwa dawa ya kiwandani iliyofanana nayo, nayo ni kidogo sana, sehemu kubwa ni unga wa mbao, vifuu vya nazi na gundi. Hivyo ndivyo vitoavyo moshi. Dawa ndiyo imfukuzayo mbu, na unga wa mbao ndio umkohozao mtoto wa jirani.

Nao moshi huo si mchezo. Mwaka 2003 ilichapishwa habari ya wataalamu walioupima, wakaona kwamba dawa moja ikiwaka mpaka mwisho hutoa vumbi jembamba liingialo mapafuni kadiri ya sigara 75 hata 137. Mtu akituambia kwamba jirani yake amevuta sigara 75 chumbani kwake usiku mmoja, tungemkimbilia mganga. Lakini kwa kuwa ni dawa ya mbu twanyamaza, tukafunga dirisha.

Sasa tuseme kisa chetu. Ilikuwa mwezi wa Februari mwaka 2018, mvua zimekolea na majaruba ya mpunga yamejaa maji. Mtoto wetu alikuwa na miezi saba. Chumba kilichotukabili alikaa mzee mmoja, fundi wa baiskeli, pamoja na mkewe na mjukuu wao wa miaka minne. Mzee huyu aliwasha dawa kila siku saa moja ya usiku, na siku zenye mbu wengi aliwasha mbili. Moshi ulipanda ukapita juu ya ukuta, ukashuka kitandani kwetu. Mtoto wetu akaanza kukohoa. Tukampeleka zahanati, akapewa dawa, akapata nafuu. Tukarudi nyumbani, akakohoa tena.

Je, tulifanya nini? Tulifanya kama tulivyozoea kufanya makarani. Tuliandika barua kwa mwenye nyumba, yenye kichwa cha habari, yenye aya zilizotiwa namba, na nakala tukaweka. Mwenye nyumba ni mtu asiyependa maneno. Akabandika tangazo ukumbini kwamba ni marufuku kuchoma kitu chochote ndani ya vyumba, na atakayekaidi atafute nyumba nyingine. Usiku ule hakuwasha mtu. Mtoto wetu akalala, nasi tukalala, na twakiri kwamba tulijiona watu hodari.

Siku ya kumi na nane, usiku wa manane, tulisikia mkewe mzee akiita. Mjukuu alikuwa ameshikwa na degedege. Sisi wenyewe tulikwenda barabarani kutafuta pikipiki, tukafuatana nao. Kipimo kikaonyesha malaria, na mtoto akatiwa dawa ya sindano. Mpaka saa nne ya asubuhi hakumjua mtu. Mungu alimsaidia, akapona. Yu hai hata leo, naye huja kwetu kuazima kalamu.

Asubuhi ile, tukiwa tumeketi nje ya wodi, tulimwamkia mzee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu," akajibu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Ile barua yako nilisomewa. Umeandika vizuri sana. Lakini mlango wangu na mlango wako ni hatua nne. Ungaliniambia."

Hatukuwa na jibu. Akaendelea kusema ya kwamba mama yake yule mtoto alizikwa akiwa na mimba, kwa homa, na ndiyo maana yeye huwasha dawa mbili. Sisi tulikuwa tumekaa hatua nne kutoka kwake mwaka mzima wala hatukuijua habari hiyo.

Mabwana na Mabibi, msidhani kwamba twasema mzee alikuwa na haki na sisi hatukuwa nayo. Kifua cha mtoto wetu kilikuwa kinaumia kweli. Tangazo lile lilikuwa baya kwa sababu lilimnyang'anya mzee ngao yake bila kumpa nyingine, ijapokuwa ngao ile ilikuwa mbovu. Ubovu wake tuliuelewa baadaye, tulipoketi naye tukahesabu saa.

Dawa moja huwaka kadiri ya saa nane. Ikiwashwa saa moja ya usiku, huzimika saa tisa. Na mbu aletaye malaria si yule apigaye kelele sana magharibi, atokaye katika mashimo ya vyoo na maji machafu. Yule wa malaria, ambaye Bwana Ronald Ross alimfumania na vijidudu tumboni mwake huko India mwaka 1897, hupenda kuzaa katika maji yaliyo safi kidogo, kama ya majaruba, ya mashimo ya matofali na ya nyayo za ng'ombe. Huyu huuma hasa usiku ukishakuwa mkubwa, kuanzia kama saa nne mpaka alfajiri. Basi tangu saa tisa mzee alilala akidhani analindwa, na dawa imekwisha kuwa majivu. Tena mbu aliyefukuzwa kwa moshi si lazima awe amekufa. Yu na njaa, na ukuta haufiki juu. Twaamini kwamba wengine walihamia kwetu, na kwamba jirani zetu wengine nao wakawasha kwa sababu hiyo hiyo, na hivyo nyumba nzima ikawa yafukuziana mbu kwa moshi.

Tukamwuliza kuhusu chandarua. Alikuwa nacho kimoja, cha wale waliogawiwa bure, na alikitundika juu ya kitanda chake na mkewe. Mtoto alilala chini, juu ya godoro, mbele ya mlango. Kwa nini? Kwa sababu dari hakuna, na hakujua akifunge wapi cha pili. Tangu mwaka 2004 Serikali iliwapa wajawazito Hati Punguzo ya kununulia vyandarua, na kati ya mwaka 2009 na 2011 viligawiwa bure mamilioni kwa mamilioni, wala hatukukumbuka kusema habari ya misumari. Jumamosi ile tulipigilia misumari minne kutani, tukafunga kamba kutoka ukuta mpaka ukuta, tukatundika chandarua cha pili kilichotiwa dawa, pindo likachomekwa chini ya godoro. Kazi yote haikumaliza saa moja.

Kisha wapangaji wote sita tuliketi uani. Tulikubaliana kwamba atakaye moshi auwashe uani, wakati watu wanapopika na kuzungumza, na kabla ya kulala uzimwe. Madirisha yatiwe wavu wa waya. Mapipa ya maji yafunikwe, na lile shimo nyuma ya choo, ambalo kila mtu alisema ni la mwingine, lifukiwe. Tulilifukia kwa mikokoteni mitatu ya kifusi. Mwenye nyumba aliondoa tangazo lake mwenyewe bila kuombwa. Twadhani aliona aibu, au labda alihitaji gundi.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo madogo kwa mahali kama hapa. Tinde si mgeni wa habari za wadudu. Hapa hapa palikuwa na maabara ya malale, na mwaka 1934 wataalamu walianza kuvipitisha vijidudu vya malale kutoka kwa kondoo hata kwa kondoo kwa kuumwa na mbung'o, wapate kujua kama vitapoteza nguvu ya kumdhuru binadamu. Kazi hiyo ilifuatwa kwa miaka 18, na hata leo wasomi wa magonjwa huitaja kwa jina la Tinde. Na kabla ya hapo, katika miaka ya 1920, wakati wa Bwana Swynnerton, wazee wa Shinyanga walitoka kwa maelfu na mashoka yao wakafyeka pori, kwa kuwa walifahamishwa kwamba mbung'o hukaa katika kivuli cha miti ile. Babu za watu tunaowaandikia risiti kila siku walijua mdudu wao akaa wapi. Sisi tuliosoma tulikuwa hatujui shimo la nyuma ya choo chetu ni la nani.

Limebaki neno moja. Dari bado hakuna, na mwenye nyumba asema atatia mwaka ujao, kama alivyosema mwaka jana. Mpaka hapo tumeuliza bei ya wavu wa waya katika maduka ya Shinyanga, na tumeambiwa kwamba robota zima ni nafuu kuliko kununua mita mbili mbili. Twaomba wanachama wanaokaa nyumba za kupanga wapime madirisha yao kwa futi, wampe Mweka Hazina hesabu hizo pamoja na fedha kabla ya mwisho wa mwezi, ili lori lijalo lituletee. Na asiye na misumari aje kwetu. Ile iliyobaki tumeiweka katika kopo juu ya kabati, na nyundo ni ya mzee fundi wa baiskeli, mlango wa pili kulia.