New York na Mvuto Wake kwa Kijana wa Kiislamu

(Mazungumzo na vijana na wazazi baada ya Tarawehe)



Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu vijana. Nimeombwa niseme juu ya maisha ya New York kwa kuwa nimekaa huko tangu 1998 mpaka 2017. Vijana walioniomba waliniambia, "Ustadh, tueleze raha zake." Halafu mzee mmoja akanivuta kando pale mlangoni, akaninong'oneza: "Mwanangu anataka kwenda. Mtishe." Sasa sijui nimridhishe nani. Na kwanza mimi si ustadh. Nilikuwa muosha vyombo hotelini, kisha dereva wa teksi.

Nianze na mji wenyewe. Watu wa New York walipohesabiwa mwaka 2020 walikuwa 8,804,190, na zaidi ya thuluthi moja ni watu waliozaliwa nje ya Marekani. Mji umegawika sehemu tano. Katika sehemu moja, iitwayo Queens, karibu nusu ya wakaazi wamezaliwa nchi nyingine. Jambo hili lina asili yake. Zamani sheria ya Marekani iligawa nafasi za wahamiaji kwa mataifa, na fungu kubwa likawa la watu wa Ulaya. Sheria hiyo ikabadilishwa 1965. Hapo ndipo milango ikawafungukia watu wa Asia na Afrika, na kila aliyetangulia akamvuta nduguye.

Ukitaka kuuona mji huo kwa macho yako, usiende kupiga picha kwenye maghorofa. Panda treni namba 7 kutoka Manhattan kwenda Flushing. Ikishatoka chini ya ardhi inapita juu ya barabara, na ukishuka Jackson Heights utasimama kama mtu aliyepotea. Hapa duka la dhahabu la Mhindi, pale bucha ya halali ya Mbangladeshi, pembeni Mtibeti anauza vyakula vya kwao, na ukivuka barabara ni Kihispania kitupu, watu wa Colombia na Ecuador. Mimi nilipita pale na kanzu yangu na kofia ya vito siku ya Idi, na wallahi hakuna hata mtu mmoja aliyegeuza shingo.

Huo ndio mvuto, ndugu zangu. Pesa zipo, lakini zinaondoka na kodi ya nyumba kabla hujazizoea. Kinachomnasa mtu ni kule kutotazamwa. Hapa Mombasa nikifungua mdomo tu, mtu ameshajua mimi ni wa mtaa gani, babangu ni nani, na tulikosana na nani miaka ya sabini. Kule anayekuuliza "umetoka wapi?" mara nyingi naye ametoka mahali, na ukimjibu anakwambia kwao. Basi, mmeshakuwa sawa. Mtu aliyechoka kuwa mtoto wa fulani anapumua.

Lakini hebu niwaambie upande wa pili wa kutotazamwa, manake huu haupigwi picha.

Ramadhani yangu ya kwanza ilikuwa Disemba 1998. Kufunga wakati wa baridi kule ni rahisi kuliko hapa: Maghrib inaingia saa kumi na nusu, jua limekwenda zake. (Msifurahi. Mwaka 2015 tulifunga Juni na Julai, karibu saa kumi na saba, tukifuturu saa mbili na nusu usiku.) Mimi na saumu hiyo nyepesi, siku ya sita nikala. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa jikoni, chakula kimebaki kwenye sahani, na hakuna mtu anayenijua. Nikawa kobe, kama tunavyowaita. Hapa kwetu ningekula mchana habari ingemfikia mama kabla sijameza. Kule nilimaliza, nikafuta mdomo, mji ukaendelea na shughuli zake.

Siku ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Kisha swala nazo zikafuata. Na kila Jumapili nilinunua kadi ya simu nikampigia mama, naye lazima aniulize, "Unafunga, mwanangu? Unaswali?" Namjibu, "Nafunga, mama. Naswali." Sauti safi kabisa.

Idi ikapita. Mwanzo wa Februari 1999, katika sehemu ya Bronx, polisi wanne waliovaa kiraia walimuua kijana wa Guinea, Amadou Diallo, mlangoni pa nyumba aliyokuwa akikaa. Alikuwa na miaka 23, Muislamu, akiuza soksi na kanda barabarani. Walifyatua risasi 41, zikampata 19. Silaha hakuwa nayo. Mkononi alikuwa na pochi. Mwaka uliofuata mahakama iliwaachilia polisi wote wanne. Nasema haya ili kijana anayedhani mji wa mchanganyiko ni mji usio na ubaguzi ajue.

Jenaza yake ilifanyiwa swala kwenye msikiti mkubwa wa barabara ya 96, ule uliofunguliwa 1991. Sikwenda kwa ucha Mungu. Nilikwenda kwa hofu, kwa sababu nilikuwa na umri kama wake na rangi kama yake, nami pia nilikuwa nikirudi nyumbani usiku wa manane. Watu walikuwa wengi mno, nikajikuta nje kwenye baridi. Kulia kwangu Mfula wa Guinea analia. Kushoto mzee wa Kimarekani mweusi, mbele yangu Wapakistani, sijui Wamisri. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani wala nimekosa swala ngapi. Yule mzee alinishika bega tu akanisogeza ili swafu iungane.

Nimefikiria sana bega lile. Mji ule ule ulioniacha nile mchana bila mtu kujua ndio ulionipa swafu ile. Na hapa niseme kitu kitakachowaudhi wengine: hapa kwetu tuna misikiti ambayo watu wanajua ni ya kabila gani, na mgeni akiingia mara tatu anaulizwa kwa macho. Kule madereva wa teksi tulikuwa tukiegesha Ijumaa karibu na msikiti wa mtaa wa 11, tunakaa chini Mbangladeshi, Msenegali na Myemeni, na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa ni nani aliyemzibia mwenziwe gari.

Baada ya Septemba 2001 mambo yalikuwa magumu. Polisi waliunda kikosi cha kupeleleza misikiti yetu, maduka yetu, hata mikahawa ya chai, na kikosi hicho hakikuvunjwa mpaka 2014. Waislamu hawakukaa wakilia tu. Walishtaki mahakamani, walijiandikisha kupiga kura, wazazi wakadai kwa miaka mingi Idi iwe sikukuu ya shule. Mwaka 2015 ikakubaliwa, na shule za serikali zikafungwa kwa Idi ya kuchinja mwezi Septemba. Mwaka 2023 mji ukatangaza kwamba misikiti inaweza kuadhini kwa vipaza sauti Ijumaa, na Maghrib ya Ramadhani, bila kuomba kibali. Na Novemba 2025 wakamchagua Zohran Mamdani kuwa Meya, Muislamu aliyezaliwa Kampala mwaka 1991, jirani zetu hapa. Simu yangu ilijaa ujumbe siku ile. Kila kijana aliniandikia kana kwamba amechaguliwa yeye.

Gharama nitazipitia haraka. Tulilala wanne chumba kimoja. Baridi inaingia mpaka kwenye meno. Ukiugua hakuna shangazi wa kukuletea uji. Na kupata viza siku hizi ni kugumu kuliko wakati wetu. Jambo moja zuri ambalo vijana hawaliulizi: maktaba za mtaa ni bure, na nyingine zina masomo ya Kiingereza kwa wageni, bila malipo. Mimi nilisoma huko. Wenzangu wengi hawakujua kama ipo, nayo ilikuwa mtaa wa pili tu.

Yule mzee wangu wa mlangoni namuona amekaa pale nyuma, anatikisa kichwa kwa kuwa sikutisha vya kutosha. Mzee wangu, akipata njia mwache aende. Ila akishafika, usimuulize kwenye simu kama anafunga. Atakwambia anafunga, kama nilivyomwambia mama. Muulize jana alifuturu na nani, na akutajie majina.